Vifaranga Milioni Moja, Halafu? Besi milia na mabwawa ya Marekani

Ndugu wanafunzi, wafugaji wenzangu, na maofisa uvuvi mlioacha kazi zenu mkaja, asanteni. Nimeombwa nizungumzie uzalishaji wa vifaranga vya samaki na upandikizaji wao katika maziwa na mabwawa. Wanaonifahamu wanajua nitaelekea wapi. Nimelisema jambo hili kila nilipopewa dakika tano za kuchangia, na leo nimepewa dakika arobaini, kwa hiyo mnivumilie.

Tunasoma taarifa hizi kila mara: vifaranga laki kadhaa wamepandikizwa, mgeni rasmi amemwaga ndoo ya kwanza, picha zimepigwa. Nauliza, mwaka wa pili walibaki wangapi? Kimya. Nauliza, hao waliobaki watazaliana wapi? Hapo ndipo watu huanza kutazama simu zao. Idadi ya vifaranga waliomwagwa inaonyesha kituo kimefanya kazi kiasi gani. Kuhusu ziwa haisemi lolote, na inaniudhi kuona watu wazima, wenye shahada, wanaiandika kwenye taarifa kana kwamba ndiyo mafanikio yenyewe.

Mfano wangu leo ni besi milia wa Marekani, Morone saxatilis kwa jina la kisayansi. Mtasema: mwalimu, sisi tuna sato, kambale na sangara, huyo wa Marekani anatuhusu nini? Anatuhusu kwa sababu habari zake zimeandikwa vizuri, faida na hasara. Tena sindano mnayomchoma kambale kule kituoni inafanya kazi ileile ya sindano iliyomsambaza besi milia katika majimbo mengi ya Marekani.

Huyu kwa asili ni samaki wa pwani ya Atlantiki. Anaishi baharini na kwenye milango ya mito, na majira ya kuchipua anapanda mtoni kutaga. Jike la kilo tano hivi hubeba mayai nusu milioni hadi milioni nzima. Hajengi kiota, halindi, wala hatunzi mayai mdomoni kama sato. Anayaachia kwenye mkondo. Na yai lake ni zito kidogo tu kuliko maji: mkondo ukiwapo linaelea likibingirika, maji yakisimama linazama kwenye tope na kukosa hewa. Katika maji ya nyuzi 18 linahitaji takriban saa 48 kuanguliwa. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Mkondo wa sentimita 30 kwa sekunde, ambao ndio kiwango cha chini kinachotajwa kwa samaki huyu, mara saa 48: ni zaidi ya kilomita 50. Yaani yai moja linadai kilomita 50 za mto unaotiririka bila kukatizwa na ukuta. Andikeni hiyo, kwa sababu kila nitakachosema kinaning'inia hapo.

Mwaka 1941, kule South Carolina, walifunga bwawa la umeme la Santee-Cooper, yakapatikana maziwa mawili, Marion na Moultrie. Baadhi ya besi milia wakabaki juu ya ukuta. Ilidhaniwa watakwisha. Miaka ikapita, wavuvi wakaendelea kuwavua, tena wa rika zote. Wataalamu walipochunguza miaka ya 1950 walikuta samaki wanapanda mito ya Congaree na Wateree, wanataga, na mayai yanashuka na mkondo hadi yanaanguliwa. Kumbe bahari si lazima. Mto ndio wa lazima.

Habari ikaenea, na kila jimbo lenye bwawa likamtaka. Sababu yao ilikuwa ya maana: mabwawa yao yalijaa shadi, samaki wadogo wa ukoo mmoja na dagaa wa Kigoma, wengi kupindukia na wasio na mlaji wa kutosha. Besi milia angewageuza kuwa nyama kubwa ya ndoano. Hoja hiyohiyo ilitolewa kwa sangara na furu pale Ziwa Victoria, na yaliyofuata mnayajua, sitayarudia.

Sasa vifaranga watoke wapi? Tangu miaka ya 1880 kulikuwa na kazi ya kutotolesha pale Weldon, North Carolina, kando ya mto Roanoke. Lakini walitegemea kukamata jike aliyekwisha kuiva, mayai yanamtiririka. Umemkosa wakati huo, umekosa mbegu. Kwa hiyo mwaka 1961 South Carolina wakajenga kituo Moncks Corner, na kazi ikawa ya mtaalamu aitwaye Robert Stevens. Akachukua majike ambao hawajaiva, akawachoma homoni inayopatikana kwenye mkojo wa mama mjamzito. Ikakubali, mayai yakaiva. Lakini akiyakamua, mara nyingi yanakufa.

Hapa naomba msikilize polepole, maana ndipo penye somo. Wengine wangeongeza dozi. Wengine wangebadilisha homoni, au wangelaumu maji. Stevens akaenda kulitazama yai lenyewe. Akaingiza mrija mwembamba kwenye tundu la uzazi la jike, sentimita chache tu, akavuta mayai machache, akayaweka chini ya hadubini. Yai changa lina giza, limejaa chembechembe, na mafuta yake yametapakaa kwa vitone. Kadiri saa zinavyosogea, vitone vinakaribiana, vinaungana, mwisho linabaki tone moja kubwa la mafuta ndani ya yai linalopitisha mwanga. Kila hatua ya mabadiliko hayo inakueleza zimebaki saa ngapi kabla ya kukamua: kumi na tano, kumi, tano, moja. Samaki wawili waliochomwa kwa dakika ileile wanaweza kupishana saa nyingi. Saa ya ukutani haikusaidii. Yai ndilo linalosema.

Na kwa nini saa moja iwe na uzito? Kwa sababu yai likishaachia ovari, yaani kifuko cha mayai, limekatwa na damu ya mama, na pale tumboni hakuna hewa ya kutosha. Ukichelewa kama saa moja, umelipoteza. Ukiwahi kabla halijaachia, umemuumiza jike bure. Kwa hiyo mtu anakaa usiku na mrija wake na hadubini yake, anachukua sampuli, anaandika, anarudi tena, mpaka afike dakika inayotakiwa. Ndipo wanamkamua, wanayamwagia mayai shahawa ya dume, wanaweka maji, na yai la milimita moja na kidogo linavimba mpaka zaidi ya milimita tatu. Stevens alichapisha matokeo yake mwaka 1966, na kuanzia hapo mabuu wa besi milia wakaanza kupatikana kwa mamilioni.

Kijana mmoja atasema: mwalimu, sisi kwa kambale tunachoma, tunatazama joto la maji, tunahesabu saa, tunakamua, na tunapata. Sawa, mnapata. Kambale ni mvumilivu. Lakini nimeingia kwenye vituo vyetu nikakuta jedwali la saa limebandikwa ukutani na hadubini imefunikwa kitambaa, ina vumbi. Hilo ndilo ninalogombana nalo. Tabia ya kutolitazama yai ndiyo hiyohiyo inayokua ikawa tabia ya kutolitazama ziwa.

Nimetumia muda mwingi hapo na sijutii. Malezi ya mabuu nitayapita haraka: siku tano za kwanza wanaishi kwa kiini cha yai, kibofu cha hewa lazima kijae mapema, na utando wa mafuta juu ya maji unatosha kuwazuia wasimeze hewa, kisha wanapelekwa kwenye mabwawa ya udongo yaliyowekwa mbolea ili vijidudu vya majini viwe tayari kabla hawajafika. Baada ya mwezi hadi mwezi na nusu ni kifaranga wa sentimita nne hivi. Wakichelewa kuvuliwa wanaanza kulana. Mnaosomea ufugaji mnayajua hayo.

Turudi ziwani. Vifaranga wakamwagwa kwenye mabwawa mengi kusini na magharibi mwa nchi. Ziwa Texoma, mpakani mwa Texas na Oklahoma, lilipandikizwa kuanzia 1965 hadi 1974, kisha wakaacha, na samaki wapo hadi leo wanazaliana wenyewe. Kwa nini? Juu yake kuna mito miwili mirefu, Red na Washita. Lakini mabwawa mengi yamepangana kama ngazi, ukuta juu ya ukuta, hayana kilomita 50 za mkondo. Huko samaki anakua, ananenepa, anajaza mayai, anataga, na mayai yanazama. Kila mwaka kituo kinapeleka vifaranga upya. Sisemi ni kosa. Nasema ni ahadi ya kila mwaka, na bajeti yake iandikwe hivyo tangu siku ya kwanza. Siku kituo kikifungwa, samaki wa mwisho wanazeeka na hadithi imekwisha.

Mnataka ushahidi kwamba idadi si kitu? Mwaka 1879 walichukua samaki wachanga 132 kutoka mto Navesink, New Jersey, wakawasafirisha kwa treni kuvuka bara zima, wakawaachia kwenye mlangobahari wa Carquinez, California. Mwaka 1882 wakaongeza kama 300. Basi. Chini ya samaki mia tano. Haikupita miaka ishirini soko la San Francisco lilikuwa linauza besi milia. Waliikuta mito ya Sacramento na San Joaquin ikiwangoja. Linganisheni na milioni zetu za kwenye taarifa.

Kuna atakayenitajia Ziwa Powell, bwawa la mpakani mwa Utah na Arizona, kwa kuwa nimewahi kutajiwa. Ni kweli, walipandikiza mwaka 1974, na mwaka 1979 ikagundulika wanazaliana, hata ndani ya ziwa lenyewe, ambako maji ni maangavu na sakafu ni safi. Lakini kilichofuata? Walimaliza shadi, wakakonda, na jimbo la Utah likawa linawaomba wavuvi wavue bila kikomo. Hata hilo ni ziwa ambalo halikusomwa kwanza.

Na wa hapa nyumbani wataniuliza kuhusu sambaza, yaani dagaa wa Ziwa Kivu. Dagaa wa Tanganyika walipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakashika hadi leo, na Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, miaka ya 1960 vilevile. Naam, kwa sababu dagaa yule anatagia ziwani na hahitaji mto. Anaunga mkono hoja yangu.

Naona naonyeshwa saa. Joto, kwa ufupi, ingawa lilistahili nusu ya mhadhara. Besi milia mchanga anavumilia maji ya moto. Mkubwa anatafuta nyuzi 20 hivi na anakwepa yanayopita 25. Kiangazi tabaka la juu la bwawa linachemka, la chini linaishiwa oksijeni, na samaki mkubwa anabanwa katikati mpaka nafasi inakwisha. Charles Coutant, mtafiti wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, alilieleza hili mwaka 1985. Ndiyo maana kuna mabwawa yaliyojaa samaki wa kilo mbili na yasiyopata kamwe wa kilo kumi, na wakubwa wanaelea wamekufa mwezi wa nane. Kuongeza vifaranga hakutibu hilo.

Chotara wa besi milia na besi mweupe, aliyepatikana South Carolina mwaka 1965, anavumilia joto zaidi na ndiye anayefugwa mabwawani. Si tasa, kwa hiyo asiwekwe penye njia ya kuwafikia wazazi wake wa asili. Ghuba ya Chesapeake, kule pwani ya Atlantiki alikotoka besi milia, naiacha, isipokuwa hili: Maryland walifunga uvuvi kabisa kuanzia 1985 hadi 1990, majike wakaachwa wakatage, na samaki wakarudi.

Asiondoke mtu hapa akasema napinga vituo. Bila Moncks Corner nisingekuwa na la kuwaeleza. Ninachodai ni mistari mitatu kwenye fomu ya kuombea vifaranga: urefu wa mto wenye mkondo juu ya bwawa, joto na oksijeni kwa kila mita ya kina katika mwezi wa joto kali, na tarehe ambayo nyavu za kuhesabu zitatupwa mwaka wa pili. Ofisa yeyote aliyekuja na takwimu za bwawa lake, nitakuwa meza ile ya nyuma mpaka jioni, tutaijaza pamoja.