Hela ya giza ndo inayolisha mbalamwezi

Mwakeye jamani. Waliokaa kule dirishani sogeeni mbele, viti vipo, tuongee kama tuko kibarazani tu. Nawashukuru viongozi wa vikoba vya hapa Mwanga, Kigoma, kwa kunikaribisha, na nyie vijana wa boda mlioegesha pikipiki mkaingia ndani, najua masaa mawili yenu hapa ni abiria mmewaacha huko nje, ntajitahidi msitoke mikono mitupu.

Mimi sio mtu wa benki wala sijasomea uchumi. Nauza dagaa na mawese. Nilianza mwaloni Katonga mwaka 1999 na beseni moja nililokopeshwa na mama mkubwa, leo nina nyumba mbili, moja naishi na moja nimepangisha, nina heka mbili za mise, yani michikichi, na nina hela niliyoikopesha serikali inaniletea riba kila baada ya miezi 6. Sisemi mnisifie. Nasema kwa sababu wengi humu mnanifahamu toka natembea na ndoo kichwani, mnajua hakuna mjomba wa Ulaya aliyenitumia kitu, na nimechoka kusikia vijana wakisema utajiri ni wa waliozaliwa nao au wa kwa mganga.

Haya. Kila mtu humu anajua dagaa wetu anavuliwa kwa taa. Usiku wa giza anafuata mwanga, anajikusanya chini ya taa, wavu unapandishwa, asubuhi Katonga kunapendeza. Mwezi ukijaa Ziwa Tanganyika lote linang'aa, dagaa anatawanyika, taa yako haimwiti tena, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Yani ziwa lenyewe limetupangia ratiba ya hela, kuna siku za giza hela ipo na kuna siku za mbalamwezi hela haipo, na mwezi haujawahi kumshtukiza mtu, tunauona ukikua kila jioni. Sasa niambieni kwa nini kila mbalamwezi mvuvi yuleyule anakuja kwangu kukopa unga, na wiki mbili nyuma nilimuona amekaa na wenzake meza imejaa chupa, analipa yeye?

Simlaumu kabisa. Hela ya dagaa inakuja kwa mkupuo, mtu ameloa usiku kucha, amepigwa na mawimbi, akishika laki asubuhi anaona anastahili kujipongeza na kweli anastahili. Shida anaihesabu kama hela ya jana usiku wakati ile ni hela ya mwezi mzima. Hela ya giza sio ya giza, ni ya mbalamwezi. Na wewe wa boda ni hivohivo, una siku za mwisho wa mwezi na una siku za mvua, mama wa mawese una msimu na una ukame wa msimu, hata mwalimu ana tarehe 25 na ana tarehe 15.

Mnakumbuka 2024. Tarehe 15 Mei ziwa likafungwa mpaka 15 Agosti, miezi 3 hakuna kuvua, makubaliano ya nchi zote 4 zinazolizunguka ili samaki wazaliane. Ile ilikuwa mbalamwezi ya siku 90. Mimi nilienda Katonga wiki ya pili, pako kimya, vichanja vitupu, mbwa wamelala juu ya changarawe pale tunapoanika, harufu ya dagaa yenyewe ilishaanza kupotea, na nikaogopa kwa kweli. Nilikuwa na majirani wawili wa biashara, siwataji. Mmoja alikuwa na mtumbwi wake na mashine, kwa mwezi alikuwa ananizidi mimi mara mbili. Mwezi wa 6 akauza friji. Mwezi wa 7 akauza mashine ya mtumbwi, kwa bei ya kutupa, maana kila mtu alikuwa anauza na hakuna mnunuzi. Mwingine ni mama mdogo tu wa kupaa samaki, miaka yote anaonekana hana kitu, kumbe toka 2021 kila siku alikuwa anaweka 2,000, ikijaa laki anapeleka benki. Yeye na kaka yake ndo walionunua ile mashine. Ziwa lilipofunguliwa Agosti mwenye mtumbwi akawa anawalipa wao kodi ya mashine iliyokuwa yake.

Sikufurahi kuona hivo, yule mwenye mtumbwi ni rafiki wa familia na mtoto wake amesoma na wangu. Lakini toka siku ile nikasema mtu akiniuliza utajiri ni nini ntamwambia habari ya ile mashine. Kipato hakikusaidia kitu pale, kilichosaidia ni kilichobaki.

Kwa hiyo kabla hatujaongea bondi, yani kuikopesha serikali, na hisa na mambo makubwa, kila mtu ajue namba yake ya siku 90. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Nyumba yangu wakati ule ilikuwa inakula 12,000 kwa siku, chakula, mkaa, maji, umeme, nauli za shule. 12,000 mara 90 ni 1,080,000. Basi mpaka nikiwa na hiyo 1,080,000 mahali, sina ruhusa ya kununua kiwanja, sina ruhusa ya simu mpya, sina hata ruhusa ya kumkopesha shemeji. Mwenye kula 7,000 kwa siku namba yake ni 630,000. Itachukua mwaka, miwili, sawa tu.

Inatoka wapi sasa? Hapa ndo watu wananikunjia uso wanasema mama sisi hatuna cha kubana. Na mimi nilisema hivohivo. 2016 binti yangu yuko kidato cha tatu akaniambia mama andika kila shilingi siku 30, usijihukumu, andika tu. Nikachukua daftari la kurasa 48, nikalifunga kalamu kwa uzi, likakaa kwenye mkoba wa mauzo pamoja na mizani. Siku ya kwanza niliona aibu kuandika, chapati mbili na chai, boda kwenda, boda kurudi, bando, soda ya mgeni, bando tena. Mwisho wa mwezi tukakaa usiku na binti tukajumlisha kwa simu. Chakula cha nyumbani hakikuwa na tatizo. Boda ilikula zaidi ya ada ya muhula ya mdogo wake. Kutoa hela kwa wakala nilitoa mara 11, kidogo kidogo, kila mara makato, wakati ningetoa mara 2 tu. Na michango! Sendoff, harusi, kicheni pati, na kila moja na sare yake, nilikuwa na vitenge vya sare 9 kabatini nimevaa mara moja moja.

Nikaamua hivi na mpaka leo ndo sheria yangu. Msiba nachangia wote, mgonjwa nachangia, sherehe nachagua 4 kwa mwaka, za watu wangu wa karibu, na sare sinunui, navaa niliyonayo. Mwaka wa kwanza nilisemwa sana, nikaitwa bahili hadi kanisani. Mwaka wa pili wakazoea. Boda asubuhi nikaacha nikawa nashuka na daladala, jioni nikiwa na hela ndo napanda boda, samahanini vijana wangu, lakini na nyie mna mtu mnampa hela kila siku bila kujua, kaandikeni mtamwona.

Ila msinielewe vibaya, kubana sio kujitesa. Mtoto ale samaki, mtoto anywe maziwa, ukiumwa nenda hospitali mapema maana ugonjwa uliocheleweshwa ndo ghali. Mimi nanunua mchele gunia badala ya kilo kilo, na mawese nanunua msimu mise imekolea, naweka madumu ya lita 20 ndani mahali pa giza, natumia na kuuza yakipanda. Hiyo nayo ni uwekezaji mjue, tena mama zetu wa Ujiji wameufanya toka zamani.

Sasa hela imebaki, iwekwe wapi. Kibubu hapana, kibubu kina masikio kinasikia kila shida ya nyumba. Kikoba ni kizuri na mimi niko kwenye kikoba mpaka leo, kinakulazimisha kununua hisa kila wiki na wenzako wanakuona. Lakini tuambizane ukweli, Desemba tunavunja, yani tunagawana, mtu anabeba laki 8 yake, Krismasi na mwaka mpya, Januari anaanza sifuri na hisa ya 5,000. Miaka 10 ya kikoba umezunguka palepale. Ukivunja, nusu isifike nyumbani. Ipitilize.

Ipitilize kwenda wapi, mimi nilianza na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ni ya serikali, ule wa kwanza wa Umoja ulianza 2005. Wengi mnadhani ni ya watu wa Dar na suti. Wa Ukwasi unaanza na laki 1 halafu unaongeza hata 10,000, wa Hatifungani unaanza na 50,000 unaongeza hata 5,000, kwa simu, ukiwa hapohapo kwenye meza ya dagaa. Wanachukua hela zetu wote wananunua bondi na kuweka benki, faida inaingia kwenye bei ya kipande chako, yani sehemu yako ya mfuko. Miaka hii ya karibuni imekuwa ikicheza kwenye asilimia 12 hivi kwa mwaka, hakuna anayekuahidi, inaweza kushuka, lakini bei za vitu zimekuwa zikipanda kama asilimia 3, kwa hiyo unabaki juu. Chukua buku moja kwa siku, 30,000 kwa mwezi. Tujaalie asilimia 12 imesimama. Miaka 10 umeweka mfukoni mwako 3,600,000, unakuta kama 6,900,000. Miaka 20 umeweka 7,200,000, unakuta kama milioni 29 na nusu na zaidi. Ona hapo, miaka 10 ya kwanza inaleta karibu 7, miaka 10 ya pili inaleta 22 na kitu, na wewe hujaongeza juhudi, unaweka buku ileile. Kijana wa miaka 22 uliyekaa hapo mbele, hiyo miaka mimi sina tena, wewe unayo.

Bondi ya serikali yenyewe inaanzia milioni 1, Benki Kuu ndo wanauza kwa mnada, unapitia benki yako au dalali. Mimi niliingia 2021, ile ya miaka 25, niliweka milioni 2, riba yake ilikuwa asilimia 15.95, kwa hiyo kila miezi 6 inaingia 159,500, jua liwake, ziwa lifungwe. 2024 ziwa limefungwa iliingia vilevile, nililipia mbolea ya mise. Waliochelewa, 2022 wakashusha ya miaka 25 ikawa 12.56, bado haikuwa mbaya, milioni 1 iliyowekwa kwa riba hiyo inaleta 62,800 kila miezi 6. Mtaji wangu utarudi 2046, nikiwepo ntapokea, nisipokuwepo wajukuu wapo.

Na mise wenyewe msiudharau. Kihinga pale TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana mbegu ya Tenera, inaanza kuzaa kwenye miaka 3 na mafuta yake ni mengi kuliko ile yetu ya zamani yenye kokwa nene. Mwenye shamba la babake lililolala Simbo au Mwandiga asiniambie hana mtaji.

Niseme na yanayouma. Mikopo ya kausha damu. Unachukua laki, mwezi unarudisha laki na 30, ile ni asilimia 30 kwa mwezi, halafu mimi nahangaika miaka na asilimia 12 kwa mwaka. Ukiwa nayo, hiyo ndo iishe kwanza kabla hata ya akiba, uza simu, uza kochi, lipa. Nyingine ni wanaoahidi kukuzidishia hela. 2012 niliweka 400,000 kwenye mpango mmoja, watu wamevaa vizuri, ofisi ina kapeti, nikaambiwa miezi 2 itakuwa laki 8. Mwezi wa kwanza walinipa kidogo ili nikaite wenzangu, na nikaita, niliita dada yangu. Siku moja tukakuta kufuli. Ile laki 4 nilishaisahau, ya dada yangu sijaisahau, nilimlipa kwa dagaa miaka 2. Leo wanakuja kwa simu, bonyeza video upate hela, alika watu 10. Ni walewale.

Kuna swali hapo, bibi yetu wa Ujiji. Anasema riba kwetu haramu, sisi tufanyeje. Swali zuri na halikwepeki, mji huu una waislamu wengi. Bondi hiyo na mifuko inayokula riba waachie wenzako. Ipo Amana Bank toka 2011 inaendeshwa kwa misingi ya kiislamu, na mabenki mengine yana dirisha la namna hiyo, hisa za kampuni kaa na sheikh wako mchambue ipi biashara yake ni halali. Lakini bibi, mise ni halali, mawese dumuni ni halali, chumba cha kupangisha ni halali. Na daftari halina dini.

Na kwa kusema daftari, nimekuja nayo 60 kwenye lile boksi, binti yangu anayagawa hapo mlangoni na kalamu. Usitoke nalo likiwa tupu. Andika tarehe ya leo juu, halafu mstari wa kwanza, nauli uliyolipa kuja hapa.