Kabla Hujamwita Kilaza

(Mhadhara kwa walimu tarajali wa chuo cha ualimu, kama ulivyotolewa)

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Ratiba imeandika "dhana za msingi za saikolojia ya elimu", na nimeziona nyuso zenu mlipoisoma. (Kicheko.) Tulieni. Naanza na neno ambalo kila aliyesoma nchi hii analijua: kilaza, yule anayehesabiwa mzito wa kuelewa. Kila darasa lina kipanga wake na vilaza wake, na ikifika wiki ya tatu ya muhula mwalimu keshawagawa. Mimi nimewagawa. Nitawasimulia.

Kwanza twende Philadelphia, Marekani, Machi 1896. Mwalimu mmoja, Margaret Maguire, anampeleka mwanafunzi wake wa miaka 14 kwa Lightner Witmer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kijana ana uelewa wa kutosha, ila tahajia imemshinda kabisa. Witmer amesomea Leipzig, Ujerumani, kwa mwanasaikolojia Wilhelm Wundt, kwenye maabara za kupima hisi za watu wazima. Mwalimu anaona hivi: kama saikolojia ina faida yoyote, basi imsaidie huyu. Hoja ya mwalimu hiyo, si ya profesa. Iwekeni akilini.

Witmer akampima macho, akakuta yana kasoro. Kijana akapata miwani. Sasa wengi hadithi wanaikatia hapo, kumbe utamu uko mbele: miwani haikutosha. Miaka yote ile ya kuona maandishi vibaya ilikuwa imemwachia pengo, ikabidi afundishwe kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Alianza kupata nafuu, lakini kifua kikuu kikamchukua kabla hajafika mbali. Mwaka uleule Witmer akafungua kliniki yake, na saikolojia ya shule inajihesabia umri kuanzia hapo.

Kwa hiyo kuna kinachomzuia mtoto leo, na kuna deni la masomo lililolimbikizwa na kizuizi hicho. Ukiondoa cha kwanza ukasahau la pili, baada ya mwezi utasema, "Si tumemsaidia huyu? Mbona yuko vilevile?"

Sasa yangu. Nilikuwa na binti darasa la nne, anakaa nyuma karibu na dirisha. Nikisema "fungueni ukurasa wa 20", anamtazama kwanza jirani yake ndipo anafungua. Nikiuliza swali, ananijibu jingine. Nilimwandika mkaidi, tena anayeigilizia. Siku moja mama aliyekuwa akiuza vitumbua getini akaniuliza, "Mwalimu, yule mtoto masikio yake yameacha kutoa usaha?" Nikasimama pale na kitumbua mkononi. Mwaka mzima nimemfundisha mtoto asiyenisikia, na kile nilichokiita kuigilizia ndiyo ilikuwa akili yake: alikuwa anasoma darasa kwa macho. Muuza vitumbua alimjua kuliko mimi mwenye cheti.

Tuje kwenye vipimo vya akili, maana najua mnavingoja. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto wanaohitaji mafunzo ya pekee. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo chenye kazi 30, kuanzia kufuatisha mwanga kwa macho hadi kueleza tofauti za maneno. Nia ilikuwa mtoto asaidiwe. Binet mwenyewe aliwapinga waliodhani akili ya mtu ni kiasi kilichofungwa kisichoongezeka. Alifariki 1911. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Mjerumani, William Stern, akabuni hesabu ya kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, na 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akatoa toleo la Kimarekani. Chombo cha kumtafutia mtoto msaada kikageuka mhuri wa kumgonga kwenye paji la uso.

Halafu kipimo kina kwao. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester waliwashinda wenzao. Kwa waya, wa Lusaka waliwashinda. Kwa udongo wa kufinyanga wakalingana. Hapa nani hakuwahi kutengeneza gari la waya? (Mikono mingi.) Haya, fikirini mtafiti aliyekwenda na kalamu peke yake angeandika nini juu ya watoto wa Lusaka.

Nasi tuna mtihani wetu wa kalamu na waya. Mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi ya serikali, anaingia kidato cha kwanza, anakuta usanisinuru umebadilika jina na maelezo yote yamehamia Kiingereza. Anapata alama 18 kati ya 100. Hiyo 18 ni ya bayolojia au ya lugha? Mwulize kwa mdomo, kwa Kiswahili, dakika tano tu, utapata jibu ambalo karatasi haikukupa.

Dakika tano hizo zina baba yake. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia Mrusi aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37, alisema tusiangalie tu mtoto anaweza nini peke yake, tuangalie pia anafika wapi akishikwa mkono. Juma na Asha wote wamepata 3 kati ya 10 kwenye hesabu za sehemu, zile za nusu na robo. Unawapa kidokezo kimoja, unawachorea chapati iliyokatwa. Asha anaruka hadi 8, Juma anabaki 4. Daftari la alama linawaona sawa, na wewe umeshajua hawawezi kufundishwa sawa kesho. Kwangu hii ndiyo dhana yenye faida kuliko zote nitakazozitaja leo, na haihitaji vifaa.

Tabia nitaipitia haraka. Kabla ya kuadhibu, andika mambo matatu: kulitokea nini kabla, mtoto akafanya nini, akapata nini baadaye. Mvulana anayepiga kelele kila kipindi cha kusoma, nawe kila mara unamtoa nje, amepata alichokitaka: hakusoma mbele ya wenzake. Adhabu yako imegeuka zawadi. Fimbo nayo ndiyo hiyohiyo. Wapo wanaoona afadhali viboko kuliko aibu ya kusoma kwa kukwama. Na daftari hilo la kumbukumbu haliachwi mezani ofisini. Shida ya mtoto si soga ya chai ya saa nne.

(Swali kutoka ukumbini: "Darasa langu la mazoezi lina watoto 120. Haya yote nitayafanya saa ngapi?")

Nilijua litakuja. Hutayafanya kwa 120, na atakayekwambia utaweza hajashika chaki siku nyingi. Chukua watano wa chini kabisa, wale ambao jina lao unaliita kwa kuchoka. Jumatatu, simama nyuma yao uwaite kwa sauti ya chini, uone nani hageuki. Jumanne, waonyeshe herufi ubaoni wakiwa mwisho wa darasa, jicho moja limefunikwa kwa kiganja, kisha la pili. Jumatano, mmoja mmoja, wasome aya ya darasa la pili. Alhamisi, waulize wamekula nini asubuhi na nyumbani wanalala na nani. Asiyesikia au asiyeona vizuri, Ijumaa hiyohiyo mwite mzazi, mwandikie barua ya zahanati. Hao waliobaki watakuwa wawili au watatu, na hapo ndipo utaanza kujiuliza kuhusu kusoma kwenyewe.

Yule dada mwenye kilemba cha kijani, umenyoosha mkono tangu Philadelphia. Karibu.