Vespa Iliyolala Usiiamshe kwa Kiki

(Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya mafundi vijana na wapenzi wa vyombo vya zamani)

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Nimeombwa nizungumze juu ya kufufua skuta ya zamani nyumbani, na najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za rangi. Mtanisamehe. Rangi ina mafundi wake. Mimi nitazungumzia injini, na ndani ya injini nitazungumzia zaidi hewa.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Vespa ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1946 na kampuni ya Piaggio, huko Pontedera, katika kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege kabla ya kupigwa mabomu vitani. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Ndiyo maana Vespa haina mnyororo wa kukuchafua suruali: injini na giaboksi vimekaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele nalo limeshikwa upande mmoja tu, mtindo wa ndege, ili ukipata pancha ulitoe bila tabu. Tuktuk za Piaggio mnazopanda kwenda sokoni ni za ukoo huohuo. Ape, yaani gari lao la magurudumu matatu, ya kwanza ilitoka mwaka 1948, na kwa kweli ilikuwa Vespa iliyoongezwa gurudumu moja na sehemu ya mizigo.

Hapa Malindi mtu akiona Vespa husema, "Hiyo ya Mtaliano." Huenda. Lakini Bajaj ya India nayo ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960, kisha ikatoa Chetak yake kuanzia 1972. Kwa hiyo kabla hujanunua hata nati moja, soma namba iliyogongwa kwenye bodi na ile ya injini. Kwa Vespa za Italia, ya bodi ina herufi T na ya injini ina M. VBC1T na VBC1M, kwa mfano, ni 150 Super. Namba hizo ndizo zitakazokupatia beringi na sili za saizi yake. Kumtumia muuzaji picha kwa WhatsApp hakutoshi. Na logibuku iwepo. Bila logibuku umenunua chuma chakavu, hata kama kinang'aa.

Haya. Skuta imekaa stoo miaka mingi. Umeitoa, umepangusa vumbi, watoto wa mtaa wamekusanyika. Nini kinafuata? Kiki! Naona mnacheka kwa sababu mnajijua. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Hewa yetu ina chumvi. Kusi ikivuma, chumvi hiyo inaingia hadi kwenye kabati la nguo, seuze kwenye silinda. Pale pistoni iliposimama hujengeka duara la kutu, na ringi za pistoni hugandia kwenye mifereji yake. Ukipiga kiki ringi inakatika, kipande chake kinachora silinda, na kazi iliyokuwa ya gasketi na sili inageuka kuwa ya kukereza silinda na kutafuta pistoni ya saizi ya juu.

Badala yake toa plagi, mimina oili kidogo kwenye tundu lake, uiache ilale. Kesho yake shika flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini, kwa mkono uizungushe polepole, mbele na nyuma. Ikigoma usishindane nayo. Ongeza oili, usubiri. Na ikizunguka vizuri, bado usiiwashe. Hapa ndipo wengi wanaponikasirikia: "Fundi, inazunguka, tuijaribu tu." Hatujaribu.

Sababu ni hii. Injini ya boda boda ina valvu zake juu. Hii ya mipigo miwili haina. Petroli iliyochanganyika na hewa huingia kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kisha pistoni ikishuka huusukuma mchanganyiko huo kupanda hadi ndani ya silinda. Chumba kile ni kama pampu ya baiskeli: kikivuja, hakuna kazi. Kinachokizuia kisivuje ni sili mbili za mpira, moja upande wa flaiwili na nyingine upande wa klachi. Skuta inayotembea huzipaka sili hizo oili kila siku. Iliyolala, mpira unakauka na kuwa mgumu, na mdomo wake hauushiki tena mhimili wa kranki.

Sili ya upande wa flaiwili ikivuja, injini huvuta hewa tupu. Sailensi, yaani mwendo wa injini bila akseli kuguswa, inapanda yenyewe, unaachia akseli na mlio haushuki, na kijana asiyejua hufurahi akidhani skuta ina nguvu. Kumbe petroli imepungua, na oili iliyochanganywa ndani yake imepungua pia. Pistoni inapata moto na kukwama ukiwa barabarani. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini inakunywa oili ya giaboksi. Utaona moshi mwingi usioisha, na ukifungua nati ya oili ya gia utakuta imepungua au inanuka petroli.

Sasa namna ya kujua bila kubahatisha. Toa flaiwili kwa pula yake, kile kifaa cha kuivuta. Nasema pula: nyundo inapinda kranki. Toa na ile sahani ya koili iliyo nyuma yake. Ziba njia ya eksosi na njia ya kabureta kwa vipande vya tyubu kuukuu na vibati vilivyokazwa kwa bolti. Pistoni iwe chini kabisa. Tia hewa kidogo kupitia tundu la plagi kwa pampu yenye geji, nusu baa, kipimo cha mgandamizo, isifike. Kisha chukua brashi na maji ya sabuni, upake kuzunguka sili, kwenye maungio ya kesi, yaani ganda la injini, na chini ya silinda. Inama utazame. Palipo pazima, povu linatulia na kukauka. Palipovuja, viputo vidogo vinatoka kimoja baada ya kingine, vimejipanga mahali pamoja. Kwa upande wa klachi, weka sikio kwenye tundu la kutilia oili ya gia. Utasikia hewa ikipita. Sili ya upande huo, kwa Vespa aina ya PX, haifikiwi mpaka upasue kesi na kutoa kranki, na ukishapasua badilisha beringi pia, kwa maana kutu imeshazichimba.

Beringi mpya ilaze kwenye friza, na kesi ya injini uipashe moto. Beringi itaingia yenyewe bila nyundo. Oveni ya jikoni inafaa, lakini kesi iwe imeoshwa ikakauka, isibaki hata harufu ya petroli, na ruhusa uombe kwa mwenye jiko. Na kuosha kwenyewe, jamani, tumia maji ya bomba. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari ni vya maji ya chumvi; unaosha kutu kwa kuita kutu.

Mengine nitayapitia mbio. Jeti ya kabureta ni shaba, usiichokoe kwa waya; uzi wa mshipi wa kuvulia unapita bila kuikwaruza. Nyaya za sahani ya koili, ukizikunja na gamba likamomonyoka mkononi, badilisha zote. Pointi, zile ncha zinazokata umeme wa plagi, ziache nafasi ya kati ya milimita 0.3 na 0.5, plagi 0.6. Vumbi la breki shuu za zamani usilipulize, huenda lina asbesto, lilowanishe ulifute. Na rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati: toa upepo wote kwanza ndipo uguse nati yoyote, la sivyo itakurukia usoni.

Kuna mzee ameniuliza kabla hatujaanza kama petroli ya siku hizi, isiyo na risasi, itaiua. La, mzee wangu. Risasi ilisaidia viti vya valvu, na hii valvu haina. Kinachoiua ni kusahau oili. Super na PX za kuchanganya oili kwa mkono kwenye petroli hutaka asilimia 2, yaani mililita 100 za oili ya tu-stroki, ya injini za mipigo miwili, kwa lita 5. Za miaka ya 1950 zilitaka zaidi. Giaboksi ina oili yake pekee, mililita 250 za SAE 30.

Siku ya kuiwasha, iwashe nje. Mlio ukipanda bila akseli kuguswa, zima. Ikikataa, bana breki, tia gia ya nne, achia klachi, itazimika. Ikitulia, zunguka nayo mtaani polepole, rudi, toa plagi uitazame. Ikiwa kahawia, unaweza kufika Gede, mji wa jirani. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli imezidi, shughulika na kabureta. Ikiwa nyeupe, hewa bado inaingia mahali, na hata Gede usiende. Fungua tena, utafute sabuni yako.

Nimesikia mtu akinong'ona kuhusu rangi. Karibu, bwana, swali lako liwe la kwanza.