Kadi mia saba kwa kapeti: unazipanga aje bila kulia?

MWAS: Haya, tumerudi, mvua leo Nairobi inanyesha ni kama imelipwa, so mkiskia mabati hapo nyuma mtuvumilie tu. Niko na Achi kama kawaida, na Achi leo amekuja studio na katoni.

ACHI: Si katoni, ni boksi ya viatu. Zile ndefu za namba arobaini na nne.

MWAS: Na ndani si viatu.

ACHI: Ndani ni kadi za mpira, zile za picha za wachezaji watu hukusanya, ziko na namba nyuma. Za Match Attax ndo nyingi, na za kampuni ya Panini kiasi. Nilizipata pale soko la Toi kwa mama mmoja anauza matoi ya mtumba, alikuwa amezifunga mafungu mafungu na raba bendi kama sukuma, nikamuuliza bei akaniangalia usoni kwanza, akaona vile nimechangamka, na hapo unajua bei ishapanda.

MWAS: Ulilipa ngapi?

ACHI: Hatutaongelea hiyo, mamangu huskiza hii kitu. Lakini raba bendi jameni! Kadi ya juu na ya chini ya kila fungu zimekuwa na kiuno. Zimebonyea hapa katikati, ona, na haziwezi kunyooka tena hata uzilalie. Nikafika nyumbani nikakata zote na makasi, nikabaki na mlima wa kadi kama mia saba kwa kapeti, misimu imechanganyika, timu zimechanganyika.

MWAS: Na hapa ndo leo tunataka kufika, kwa sababu mimi nishawahi kupanga mia tano na ilinichukua weekendi nzima, na nilikuwa nafanya vile kila mtu hufanya. Unachukua kadi moja, unaangalia namba nyuma, unaenda kwa laini unatafuta pahali pake, unasukuma zingine kando, unaichomeka. Mwanzo ni tamu sana, kadi thelathini za kwanza unajiona fundi. Halafu laini inafika mlango wa jikoni na kila kadi mpya unatembea nayo kama mtu anatafuta kiti kwa matatu imejaa.

ACHI: Hiyo ndo shida yake. Kadi ya kumi ilikuwa kazi kidogo, ya mia nne ni kazi mara arobaini, na huchoki kwa mikono, unachoka kwa kichwa, kwa sababu kila kadi lazima uilinganishe na jirani zake. Ukitaka kwenda haraka usilinganishe kadi na kadi. Angalia kadi moja, itupe kwa fungu lake, sahau.

MWAS: Fungu gani sasa?

ACHI: La kwanza kabisa si la namba. Ni la mgongo. Kila msimu mgongo una mchoro wake na rangi yake, jicho linaona hata kabla ujasoma chochote. Na hii ni muhimu kwa sababu namba zinaanza upya kila msimu, namba 45 ya 2013/14 na namba 45 ya 2016/17 hazijuani kabisa. Pia kampuni inakusaidia, Match Attax ni ya Topps, na kuanzia msimu wa 2019/20 Ligi Kuu ya Uingereza ikahamia Panini, wale Waitaliano wa Modena, ndo ukaanza kuona Adrenalyn XL, hizo kadi za Panini, za ligi. Kwa hivyo ukiona mgongo wa Panini na mchezaji wa ligi, ushajua hiyo si ya enzi za Victor Wanyama, yule Mkenya wetu, akiingia Southampton.

MWAS: Hiyo nilikosea vibaya. Nilipanga namba kwanza, nikamaliza, ndo nikagundua niko na 112 tatu za wachezaji watatu tofauti. Nikavunja yote.

ACHI: Pole. Na kitu kingine, usitafute zilizojirudia mwanzoni. Watu hukaa hapo wanauliza, hii si nimeiona? hii si niko nayo? Wacha. Ukishapanga zitakaa bega kwa bega zenyewe, unapita ukizing'oa tu.

MWAS: Sawa. Sasa niko na msimu mmoja, tuseme kadi mia tatu, namba kutoka 1 hadi mia nne na kitu. Tuendelee.

ACHI: Kuna njia mbili. Moja mimi naipenda kwa sababu ni uchawi, na ni ya zamani. Mnajua Herman Hollerith, yule wa mashine za kadi zenye matundu zilizotumika kwa sensa ya Marekani ya 1890? Baadaye kulikuwa na mashine za kupanga hizo kadi, zina mifuko ya 0 hadi 9 na mingine ya ziada, na mashine ilikuwa inasoma safu moja tu, yaani tarakimu moja, kwa wakati mmoja. Haikujua namba nzima. Na bado kadi zilitoka kwa mpangilio.

MWAS: Aje?

ACHI: Unaanza na tarakimu ya mwisho. Weka mafungu kumi, mimi natumia vifuniko vya soda nimeandika 0 hadi 9 na maka, safu mbili za tano, zinatosha kwa meza ya sebuleni. Tuseme uko na 213, 78, 451, 108. Angalia ya mwisho tu: 451 inaenda kwa 1, 213 kwa 3, 78 na 108 zote kwa 8. Unakusanya kutoka 0 hadi 9. Unarudia na tarakimu ya katikati: 108, 213, 451, 78. Unarudia na ya kwanza, na 78 unaichukulia kama 078, inaenda kwa sifuri. Zinatoka 78, 108, 213, 451. Umezigusa mara tatu kila moja na hujalinganisha hata mara moja.

MWAS: Walai? Na hiyo raundi ya kwanza inaonekana upuzi kabisa, unaweka 78 na 108 pamoja.

ACHI: Inaonekana upuzi hadi raundi ya tatu, halafu unashika mdomo. Lakini iko na sharti moja na mimi ilinila. Lazima ule mpangilio wa raundi iliyopita ubaki ndani ya fungu. Sasa mimi nilikuwa nashika kadi namba zikiniangalia, naweka kwa fungu namba bado iko juu, so ya kwanza kuingia inaisha chini. Nikakusanya hivyo hivyo. Raundi ya pili ikaanza na za nyuma, 458 ikatangulia 451, kila kitu kinyume, nikakaa hapo nikidhani hesabu ndo mbaya.

MWAS: Ikawa ni mkono.

ACHI: Ni mkono! Dawa ni rahisi: unasoma namba, unailaza kadi kifudifudi, namba chini. Ukimaliza unachukua fungu la 0, juu yake 1, juu yake 2, hadi 9, halafu unageuza bunda lote mara moja. Ya kwanza inakuwa juu tena. Tangu nijue hiyo nimekuwa mtu mwingine.

MWAS: Mimi nitakupinga hapa. Ni tamu, lakini wewe unaishi peke yako. Mimi niko na kijana wa miaka minne. Hiyo njia yako ukiwa raundi ya pili na mtu apite na kibaiskeli juu ya meza, uko zero, kwa sababu katikati hakuna kitu kinaeleweka. Mimi naanza na mamia. Fungu la 1 hadi 99, la mia moja, la mia mbili, la mia tatu, la mia nne. Yale mengine natia kwa boksi nafunika, nabaki na mia moja tu. Hiyo naigawa kwa makumi. Sasa niko na kadi kumi ama chini ya hapo kwa mkono, nazipanga kama mtu anacheza karata, sekunde kadhaa.

ACHI: Lakini pia zako zinaguswa mara tatu.

MWAS: Zinaguswa mara tatu, lakini stima ikipotea saa mbili usiku, kama juzi, naacha. Kesho narudi na mia mbili bado ni mia mbili. Na hata nisiporudi wiki nzima, mtu akiniuliza uko na 267, najua ni fungu gani, natafuta ndani ya kadi themanini si ndani ya mia tatu.

ACHI: Hiyo nakubali. Haki, hata mimi kwa hii boksi ya leo nilitumia yako. Ile yangu ni ya Jumapili mchana na nyumba imefungwa.

MWAS: Ebu ngoja, urudie hiyo mbele ya maiki.

ACHI: Sirudii. Endelea.

MWAS: Sawa, na kuna mtu alitutumia voisi akiuliza kama apange kwa timu ama kwa namba.

ACHI: Kwa Match Attax usijisumbue, kadi za kawaida zimepewa namba klabu kwa klabu, ukipanga namba umepata timu bure. Zile za kung'aa ndo ziko mbele huko na namba zake. Shida ni ukitaka mchezaji. Mimi nataka Wakenya wangu pamoja. Wanyama yuko Southampton msimu mmoja, mwingine yuko Spurs. Na Origi namhesabu pia, ni Mbelgiji, najua, lakini babake ni Mike Okoth wa Harambee Stars, msinitumie meseji.

MWAS: Watakutumia.

ACHI: Basi hao nawatoa, nawaweka kwa mfuko wao wa plastiki, na pale walipotoka naacha kikaratasi kimeandikwa namba. La sivyo mwezi ujao nitadhani sina, nitanunua tena.

MWAS: Na kwa boksi unatenganisha na nini?

ACHI: Boksi ya cornflakes. Kadi ni kama sentimita 6 na nusu kwa 9, unakata kipande kirefu kuliko hapo sentimita moja hivi, unaandika juu 50, 100, 150. Zile karatasi za mifuko tisa za faili ni nzuri kwa za kuonyesha wageni, lakini mia saba kwa faili ni pesa, na ukipata namba moja mpya katikati unahamisha zote zilizobaki isipokuwa uliacha nafasi.

MWAS: Twende basi, tupime hapa hapa. Msimu wa kwanza hapo mbele, nipe 317.

ACHI: Ngoja, 300... hii hapa 310, 311, 314, 315, 316... 318. Sina.

MWAS: Sekunde ngapi hiyo? Kama nane? Mimi ningekuwa bado nachimba.

ACHI: Na sasa najua sina, hiyo ndo tamu yake. Wewe uko nayo?

MWAS: Niko nazo mbili.

ACHI: Mwas. Umekuja hapa ukijua uko na mbili ukaniuliza hiyo?

MWAS: Nataka Origi mmoja.

ACHI: Origi hatoki. Chagua kitu kingine, nina 204 tatu, nina...

MWAS: 204 ni nani?

ACHI: Golikipa wa akiba.

MWAS: Tutaongea mvua ikiisha.