Malusha, Mshika Funguo wa Olga

Ndugu zangu, jioni hii nimekuja na habari za mwanamke ambaye yote yaliyoandikwa juu yake hayajazi hata nusu ukurasa. Anaitwa Malusha. Aliishi Kyiv katika karne ya 10, katika nyumba ya Olga, mama wa mtawala Svyatoslav, na kazi yake ilikuwa kushika funguo.

Kazi hiyo msiione ndogo. Utajiri wa watawala wa Rus, dola ya kale iliyotawaliwa kutoka Kyiv, ulikuwa asali, nta, manyoya ya wanyama na nafaka, na vyote hivyo vilikaa ghalani. Mwenye ufunguo ndiye aliyejua kilichomo, na ndiye aliyeulizwa kikipungua.

Ila ufunguo wenyewe ulikuwa kifungo. Sheria za Rus zinazoitwa Russkaya Pravda, zilizoandikwa baada ya zama zake, zinasema wazi: mtu huru akijifunga ufunguo wa bwana bila kupatana masharti kwanza, anakuwa mtumwa. Sheria hizo hizo zinapanga fidia ya roho: kijakazi akiuawa, grivna 6, ndiyo fedha ya Rus; akiwa ni mlezi aliyewanyonyesha watoto wa bwana, 12. Na kijakazi akizaa na bwana wake, bwana akifa, mama na watoto wanaachwa huru, lakini urithi hawapati.

Malusha alizaa na Svyatoslav. Mtoto akaitwa Vladimir.

Mwaka 970 watu wa mji wa Novgorod walikuja kuomba mtawala. Yaropolk na Oleg, wana wengine wa Svyatoslav, walikataa kwenda. Dobrynya, kaka yake Malusha, akawaambia wageni: mwombeni Vladimir. Wakamwomba, wakapewa. Ni hapo tu mwandishi wa kumbukumbu za kale za Rus anapomtaja Malusha, ili tujue mtoto huyu katoka wapi.

Miaka kadhaa baadaye Vladimir alipeleka posa mji wa Polotsk, kwa Rogneda binti Rogvolod. Desturi ilimtaka bibi harusi amvue mumewe viatu. Rogneda akajibu kwamba hatamvua viatu mwana wa kijakazi, anamtaka Yaropolk. Vladimir akaivamia Polotsk, akamuua Rogvolod na wanawe wawili, akamchukua Rogneda kwa nguvu.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushujaa wa kijana aliyetukanwa. Mimi siwezi. Aliyetukanwa ni mama yake, kwa utumwa ambao ukoo wa baba yake ndio uliomweka ndani yake, na aliyelipishwa ni mwanamke mwingine, aliyefiwa na baba na ndugu zake kisha akafanywa mke wa muuaji wao.

Mwaka 988 Vladimir alibatizwa. Kabla hajaamua, wakuu wake walimwambia: kama dini ya Wagiriki, yaani Ukristo, ingekuwa mbaya, bibi yako Olga, mwenye hekima kuliko watu wote, asingeipokea. Jina la Malusha hakulitaja mtu.