Jua linawaka, mlima umetulia, na bado ule mteremko sipandi

Oya ndugu zangu, mambo vipi. Leo nipo mlimani kama mnavyoona, jua kali, anga bluu, upepo hamna, yaani ukiangalia unasema hapa ni kupanda na kuteleza na ski tu. Ule mteremko nyuma yangu, ngoja nisogee muuone, ule mweupe ambao haujaguswa. Ule sipandi. Nimewasha kamera kwa sababu watu wa nyumbani mnaniambiaga theluji ni kitu laini, itamuuaje mtu mzima? Basi leo ni maporomoko ya theluji, yaani theluji ya mlimani kukatika na kushuka na mtu.

Iko hivi. Theluji ya mlimani inakaa matabaka, kila ikidondoka inajilaza juu ya ile ya zamani. Ngoja nigeuze simu. Nimechimba shimo hapa, linanifika kiunoni, cheki huu ukuta. Huku juu nikigonga na beleshi ni ngumu, upepo umeipiga mpaka imeshikana, hilo ndo bamba. Sasa shuka huku karibu na ardhi, ona, kidole kinazama chenyewe, nikiichota kwenye glavu haishikani, inamwagika punje punje, wazoefu wanaiita theluji ya sukari. Ardhi ina kajoto kidogo, hewa ya juu baridi kali, kwa hiyo mvuke unapanda katikati ya theluji na kuzibadilisha punje mpaka haziungani tena, na ikiwa nyembamba mwanzoni mwa msimu ndo inaharibika haraka zaidi. Halafu bamba zito linakuja kukaa juu ya kitu kama hicho! Wewe unafika na uzito wako, tabaka la chini linavunjika, ufa unakimbia, bamba zima linaondoka na wewe ukiwa juu yake. Wengi wanaofukiwa wameliamsha wenyewe, au mwenzao waliyekuwa naye.

Na usidhani ukiwa tambarare umepona. Unaweza kukanyaga huku chini ukasikia vuum, sauti nzito ya theluji kushuka chini ya miguu, na ule ufa ukasafiri mpaka mlimani ukakushushia bamba. Hiyo vuum tumeisikia leo asubuhi pale kwenye miti. Kwangu inatosha, hata kama shimo lingekuwa zuri.

Kingine ni ukali wa mteremko. Nyuzi 30 mpaka 45 ndo penyewe maporomoko yanapoanzia, ukizidi hapo theluji inamwagika kidogo kidogo haisubiri kurundikana, chini ya 30 ni nadra bamba kuanza kuteleza. Kupima unapima hata na simu. Ila usipime tu ulipokanyaga, angalia na kilichokaa juu ya kichwa chako.

Sasa hii ndo inaniudhi. Ripoti ya hatari ya maporomoko ina ngazi 5 na leo wameandika 3, mtu anasikia 3 anasema aah katikati tu hiyo, twende. Wakati 3 ndo inabeba vifo vingi, maana ikifika 4 au 5 wengi wanajikalia ndani, ila kwenye 3 kuna jua, kuna theluji mpya, na kila mtu anajiona mjanja.

Ukifukiwa, dakika 10 au 15 za kwanza ndo zako, baada ya hapo nafasi ya kupona inashuka vibaya, pumzi inakata. Theluji ikishasimama inakaza, hata mkono huinui, na helikopta haiwahi. Wa kukuchimbua ni mwenzako, kama huyu wangu mnayemsikia anapiga miluzi hapa pembeni, ndo maana kila mmoja ana transiva mwilini, kile kifaa cha kutafutana kinachorusha na kupokea mawimbi ya kilohetzi 457, fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi. Ukikosa kimoja hivyo viwili havikusaidii sana.

Kwa hiyo tunazungukia kile kituta cha kushoto, hakifiki nyuzi 25 na juu yake hakuna kitu. Jamaa analalamika hapati raha ya kuteleza, nimemwambia anune tu. Vidole vimeshakufa ganzi, nazima, transiva inavyomtafuta mtu nitawaonyesha video ijayo, sabuskraibu basi.