Maiti Zinazorukaruka na Mchele Uliochakachuliwa

ZUHURA: Haya, tupo hewani. Leo hatuna mgeni. Ni mimi na shemeji yangu Bakari, na mada tuliyoigombania wiki nzima: filamu za zamani za kutisha zinazochekesha.

BAKARI: Uliyegombana ni wewe, shemeji. Mimi tangu mwanzo nimesema tuanze na Mr. Vampire, basi.

ZUHURA: Kwa wasioijua kwa jina hilo, ni ile ya maiti za Kichina zinazorukaruka. Mikono imenyooshwa mbele, majoho na kofia za maofisa wa zamani, na kikaratasi cha njano kimebandikwa kwenye paji la uso.

BAKARI: Hapo kila aliyewahi kulipa kiingilio cha kibanda cha video ameshakumbuka. Ilitoka Hong Kong mwaka 1985. Mwongozaji Ricky Lau, mtayarishaji Sammo Hung, yule bonge anayepiga sarakasi kama hana mwili.

ZUHURA: Wala sisi hatukuwa na habari na mwongozaji. Tulimjua stelingi. "Yule mganga mwenye nyusi zilizoungana."

BAKARI: Lam Ching-ying. Ujanani alifanya kazi kwenye filamu za Bruce Lee, upande wa mapigano na sarakasi. Alifariki 1997 akiwa na miaka 44 tu. Lakini uso wake ule! Filamu nzima watu wanavunjika mbavu, yeye hata meno hayaonekani.

ZUHURA: Na ndiyo hoja yangu ya leo. Filamu ya namna hii inakufa siku mzimu anapojua kwamba yumo kwenye komedi. Maiti wa Mr. Vampire hana utani. Amekuja kukunyonya damu, kazi yake ni hiyo. Wanaochekesha ni walio hai.

BAKARI: Hasa wale wanafunzi wawili wa mganga. Hebu wasimulie wasikilizaji habari ya mchele.

ZUHURA: Subiri, tuanze na kaburi. Kuna tajiri anataka baba yake afukuliwe azikwe upya, maana mambo ya familia hayaendi. Miaka ishirini mzee yuko chini, tena kazikwa kasimamishwa wima. Jeneza linafunguliwa, na mwili haujaoza. Pale kibandani kukawa kimya, hata wauza karanga walinyamaza.

BAKARI: Na sababu ya mzee kuzikwa vibaya ni dhuluma. Lile eneo zuri la kaburi alilipata kwa kumlazimisha mtaalamu wa mambo ya ardhi na mizimu, naye mtaalamu akalipiza kisasi kwenye maelekezo ya mazishi. Yaani kisa chote kimeanzia kwenye mgogoro wa kiwanja.

ZUHURA: Sasa mchele. Aliyeng'atwa na maiti anatibiwa kwa mchele wa kunata, ule mbichi, unavuta sumu. Inabidi aucheze kwa miguu, asikae, maana akitulia anakakamaa na kugeuka mmoja wao. Mwanafunzi mmoja anatumwa dukani. Na mwenye duka anafanya nini?

BAKARI: Anachakachua! Anachanganya mchele wa kunata na wa kawaida ili apate faida zaidi. Kwa hiyo dawa inapungua nguvu, na mgonjwa yuko pale anarukaruka juu ya mchele wa magendo.

ZUHURA: Kibanda kizima kilisimama. Watu hawakumtukana mzimu, walimtukana muuza duka! Kuna mzee alitoka nje kabisa kwa hasira.

BAKARI: Unajua kule kuruka kumetoka wapi? Wachina wana masimulizi ya zamani ya wachawi wa huko Hunan, waliokuwa wakisafirisha maiti za watu waliofia mbali ili zikazikwe kwao. Inasemwa zilitembea zenyewe usiku. Maelezo mengine ni kwamba zilifungwa wima kwenye mianzi mirefu, mtu mmoja mbele mwingine nyuma, na mianzi ikinesa, kwa mbali unaona maiti zinaruka.

ZUHURA: Aa, hapo ndipo linapokuja lile la mwanzo wa filamu, maiti zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi. Zinasafirishwa! Kisha vile vikaratasi vinavyozituliza vinapeperuka.

BAKARI: Na hapo unabana pumzi. Maana maiti haoni, anafuata pumzi zako.

ZUHURA: Bakari, sisi tulikuwa tukitoka video saa mbili usiku, umeme umekatika, uchochoro mzima watoto wamebana pumzi mpaka nyumbani. Na kila mlango wa kwetu ulikuwa na karatasi ya daftari iliyopakwa manjano ya pilau.

BAKARI: Nami naipenda sana ile ya kahawa. Yule mganga, bingwa wa kupambana na wafu, anapelekwa mkahawa wa Kizungu. Analetewa kahawa na maziwa pembeni, hajui vinatumikaje. Anakunywa kahawa tupu, halafu anakunywa maziwa. Uso ule ule wa heshima.

ZUHURA: Huyo ndiye mtu wangu.

BAKARI: Lakini sasa nikupinge. Young Frankenstein, 1974, mwongozaji Mel Brooks, na Gene Wilder ndiye daktari anayeunda jitu kutokana na maiti. Pale yule jitu anavaa suti na kofia ndefu, anacheza dansi jukwaani. Mzimu yumo ndani ya utani mpaka shingoni, na filamu ni nzuri mno.

ZUHURA: Hapana, mwangalie vizuri. Jitu anajitahidi kwa moyo wote! Sauti haimtoki sawasawa, lakini anaimba kwa nguvu zake zote. Anayejionyesha ni daktari.

BAKARI: Unageuzageuza maneno.

ZUHURA: Na wale waliitengeneza kwa adabu. Picha nyeusi na nyeupe, na vile vyombo vya maabara vyenye cheche ni vya fundi yule yule wa Frankenstein ya 1931. Waliviazima wakavitumia tena. Huwezi kukitania kitu vizuri kama hukipendi.

BAKARI: Hapo nakupa. Basi na An American Werewolf in London? Ya 1981. Jamaa amekufa, koo limechanwa, anamtembelea rafiki yake hospitalini na kumuomba kipande cha mkate wake. Kila akirudi ameoza zaidi, na kila mara anaongea kama mtu aliyepita kusalimia.

ZUHURA: Ile ya kugeuka mbwa mwitu mimi naifumba macho mpaka leo. Taa zinawaka, hakuna giza la kukuficha, mifupa inarefuka.

BAKARI: Fundi wa vipodozi, Rick Baker, alipata Oscar kwa kazi ile, na ndiyo mara ya kwanza tuzo ya vipodozi kutolewa kama kundi la kudumu. Miaka miwili baadaye mwongozaji, John Landis, na Baker huyo huyo wakaitwa na Michael Jackson.

ZUHURA: Thriller! Hiyo hatuhitaji kueleza. Mtaani kwetu kila harusi ilikuwa na mtu wa kutembea kizombi.

BAKARI: Na lile cheko la mwisho ni la Vincent Price, mwigizaji wa filamu za kutisha. Sauti yake hiyo hiyo inasikika mwishoni mwa filamu ya wachekeshaji wa Kimarekani, Abbott na Costello, ya 1948, wanapokutana na Frankenstein. Anatokea kama mtu asiyeonekana.

ZUHURA: Ile ambayo Bela Lugosi anacheza Dracula bila utani hata kidogo, na Costello anatetemeka mpaka sauti inamkauka? Shemeji, umeniletea ushahidi mwenyewe.

BAKARI: Sikuleta ushahidi, nimeleta historia.

ZUHURA: Wasikilizaji watuamulie. Tutumieni sauti kwa namba ile ile ya kila wiki: mzimu anaruhusiwa kuchekesha au haruhusiwi? Na mwenye mkanda wa Mr. Vampire uliotafsiriwa Kiswahili, tafadhali asiutupe. Bakari atalipa nauli.

BAKARI: Nani kasema?